Dawa ya Perez Ndani ya Uji

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki, Ruiru. Nimepewa chupa ya pili ya dawa ya utafiti. Mwezi mzima bila kulazwa! Mimi na dadangu Perez tuna selimundu, ule ugonjwa wa damu, wote wawili. Tulipimwa siku moja, mimi nikachukuliwa, yeye akaachwa. Eti figo zake ni dhaifu. Visingizio! Msichana anabeba mtungi wa maji kutoka mwisho wa mtaa wa Kiandutu hadi mlangoni kwetu. Sista Janice akanionya nisimpe mtu hata kidonge kimoja. Nikaitikia kwa heshima zote. Mpango nilikuwa nao tayari.

Jumanne, 4 Machi

Leo dawa yangu, kesho yake. Perez ni mtu wa kanisa, akijua atanishtaki. Kwa hivyo nafungua kidonge, namwaga unga kwenye uji wake. Janice huhesabu vidonge vilivyobaki. Vilivyotoka vimeingia tumbo la nani, atajuaje? Mimi si mjinga.

Ijumaa, 7 Machi

Perez alalamika kwamba uji ni mchungu. Nikasema wimbi ya siku hizi haina maana. Akanikazia macho. Nimeongeza sukari vijiko vitatu.

Jumatano, 19 Machi

Yawa, maumivu! Miguu, mgongo, kifua. Nimelazwa. Nimelia mbele ya wodi nzima, mtu mzima na ndevu zangu. Daktari Nzioki wa utafiti haelewi: vidonge vimepungua sawasawa, lakini damu yasema sikumeza vya kutosha. Nikamwambia damu yetu ni kaidi, hata babangu alikuwa hivyo. Perez amekaa kando ya kitanda akinikanda miguu. Uso wake umevimba. Anasema ni usingizi tu. Nimeogopa sana.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesema yote. Janice alitoka nje kwanza, akarudi, akamshika Perez mkono kumpeleka kupimwa. Daktari akanieleza polepole kwamba dawa hii hutolewa mwilini na figo, na za Perez haziwezi. Wiki mbili zaidi ningemzika. Perez alisema hataki kuniona kwa sasa. Ana haki. Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye duniani, na nusura nimuue kwa kijiko cha uji.

Jumatatu, 31 Machi

Tuko nyumbani wote. Uvimbe umeisha, Perez anaongea nami. Hawajanitoa kwenye utafiti, ila sasa kila asubuhi lazima nimeze dawa huku Janice akinitazama kwenye simu ya video. Leo Perez ameamka akilia. Mifupa. Amemeza dawa yake ya maumivu, lakini wapi! Ameng'ata leso ili majirani wasisikie. Siwezi kukaa hivi nikimtazama.

Janice akapiga. Akaniambia nifungue mdomo, nikafungua. Niinue ulimi, nikainua. Kuhusu shavu hakuuliza.

Kizima siwezi kumpa, nimeshaelezwa. Robo tu, kwenye chai. Figo gani itashtuka kwa robo?