Zohali Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeahidi jambo. Nilikuwa nimeshiba, na nikishiba huwa mkarimu kupita kiasi.

Mama mkwe yuko chumba cha nyuma wiki ya tatu sasa, kalala chali, nyonga imevunjika. Ijumaa anakwenda hospitali kupasuliwa. Kisu hakiogopi, anasema. Kilichomchosha ni dari. Mke wangu akamuuliza anatamani nini kabla ya siku hiyo. Tulitegemea aseme uji au redio. Akasema tangu yuko shule ya msingi anaambiwa kuna nyota yenye pete, na mpaka leo hajaiona kwa macho yake.

Nikajisikia nasema ataiona, tena akiwa hapohapo kitandani.

Mpango upo! Mwenzangu wa ofisini ana darubini inayokaa juu ya kiti cha mota. Kiti kinazunguka polepole, kinaifuata nyota. Nyuma ya darubini unachomeka kamera, waya unapita dirishani, unaingia kwenye runinga ya mama. Basi. Kaniazima vyote bila kuguna, Mungu amzidishie. Kanipa na karatasi za maelezo. Nimeziweka mahali salama.

Shemeji alikuwepo. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi madishi, na hajawahi kuona shughuli yangu akaiacha ipite. Akatoa simu, akamwonyesha mama yake picha ya Zohali, pete na kila kitu, safi kama sahani mpya. Mama akaitazama kwa adabu.

"Hii ni picha, mwanangu," akamwambia. "Mimi namtaka yule aliyepo leo."

Shemeji akarudisha simu mfukoni. Nakwenda kulala na furaha isiyo na haya.

Jumanne, 7 Oktoba

Ukurasa wa kwanza wa maelezo nimeusoma. Unasema darubini lazima isawazishwe, upande mmoja usiulemee mwingine, la sivyo mota itataabika. Nikaipachika uani. Nikaweka vyuma vya kusawazishia upande wa pili. Nikaachia mikono, roho juu.

Haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Mizani kamili, jaribio la kwanza! Nikaongeza kamera. Imetulia. Nikaning'iniza pasi ya mke wangu upande mmoja, kuona tu itakuwaje. Imetulia vilevile. Nikaona nina kipaji ambacho watu wamekikosa miaka yote hii. Kurasa zilizobaki za nini?

Giza likaingia, nikawasha mota. Ikalia kama mtoto anayevutwa sikio. Zohali ikaingia kwenye runinga, ikakwama, ikaruka, ikapotea. Mama akauliza kutoka ndani kama ule mwanga uliopita ndio wenyewe. Nikamjibu ni majaribio. Akasema asante sana, majaribio yamependeza.

Ananishukuru hata nikishindwa. Hakuna adhabu kali kama hiyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mke wangu kaenda kazini na sketi yenye mikunjo. Pasi ilikuwa bado uani, imefungwa kamba kwenye darubini.

Jioni mawingu matupu. Bado kesho tu! Hapo ndipo akili yangu, ambayo ingefaa kufungiwa kabatini, ikaja na mpango. Mtandaoni zimejaa video za Zohali. Nikachagua moja nzuri, nikaiweka kwenye kompyuta, nikachomeka waya uleule. Si uongo, nilijiambia. Zohali si ni ileile?

Runinga ikawaka. Zohali katikati kabisa, imetulia tuli. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane. Nikakohoa kidogo, nikaanza kuwaeleza habari za pete.

Mara mvua. Kwanza tone hapa, tone pale juu ya bati, kisha ikamwagika yote kwa pamoja, mpaka ikabidi nipaze sauti ili habari za pete zisikike.

Mama akalisikiliza bati. Akaitazama runinga. Akalisikiliza tena bati.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "huyo halowi?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mke wangu hakucheka kabisa. Mama akasema hata hivyo alikuwa mzuri, akafumba macho. Darubini yenyewe ilikuwa sebuleni muda wote huo, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya mwisho. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia.

Nimejishusha. Nikamfuata shemeji kibandani kwake, nikamwomba msaada. Hakunicheka. Nadhani jana alimaliza akiba yote. Akafunga kibanda, akaja.

Akaizunguka darubini mara moja. Akauliza kama niliisawazisha. Nikamwambia mizani kama hii hajapata kuiona. Akauliza kama nililegeza klachi kwanza. Klachi gani? Akanionyesha vishikizo viwili vya kukaza. Vikikazwa hivi, akasema, chombo hakisogei hata ukikipanda. Akalegeza kimoja. Darubini ikainama pua chini kama ng'ombe aliyeona maji, nami nilikuwa nimechuchumaa palepale chini yake. Akaidaka kwa mkono mmoja, karibu kabisa na paji la uso wangu.

Kumbe tangu juzi nasawazisha kitu kilichofungwa!

Nampenda sana shemeji. Naandika hapa kwa sababu kumwambia usoni siwezi.

Tukaanza upya. Klachi zimelegezwa, kamera na waya tayari vimo, ndipo tukasogeza vyuma, taratibu, mpaka chombo kikawa kinakaa popote unapokiacha. Shemeji akaacha upande wa mashariki uzidi uzito kidogo sana, ili meno ya gia yashikane yasichezecheze. Tukaelekeza mhimili ambao kiti kinauzunguka mahali panapotakiwa. Jua likazama. Mota safari hii ilinong'ona tu. Zohali ikaingia kwenye runinga, ikasimama katikati kama msumari.

Nikakimbilia ndani kupokea sifa.

Mama alikuwa akiitazama kwa adabu. Ileile aliyoitazamia simu. Akasema ni nzuri, asante, nisijisumbue tena, nia yangu anaijua.

Nilichelewa kuelewa. Imetulia mno! Ya jana nayo ilitulia hivihivi. Anadhani ni video. Nikaapa. Mke wangu akaapa. Shemeji akapenyeza kichwa dirishani akaapa kuliko sisi wote. Mama akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayebembeleza watoto walale. Kesho anakwenda kupasuliwa, anaamini watoto wake wote watatu ni waongo. Na mwalimu wao ni mimi.

Nikatoka uani. Nikaiangalia ile mizani, ile gia, ule mhimili, jasho letu la mchana kutwa. Nikazima mota.

Zohali ikaanza kusogea. Polepole, kuelekea ukingo wa runinga. Pete ikaguswa na ukingo, ikakatika nusu.

"Anaondoka huyo," nikasikia sauti ya mama kutoka ndani, kali kabisa. "Mrudisheni."

Nikamrudisha kwa mkono. Akaanza tena kuondoka. Nikamrudisha. Shemeji akapokea zamu, nikaenda kukaa kando ya kitanda. Mama alikuwa ameinua shingo kwenye mto, jambo ambalo daktari kamkataza. Akataka kujua nani anayemsukuma. Nikamwambia hakuna. Tunaozunguka ni sisi, dunia nzima, na nyumba hii, na kitanda hiki.

"Na mimi?"

"Na wewe, mama."

Zohali akatoka, akarudi.

"Wiki tatu nasema nimelala tu," akasema. "Kumbe niko safarini."

Akanishika mkono, hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua. Sijui nimshukuru nani kwanza. Nimeanza na shemeji. Nimemchemshia chai.

Jumamosi, 11 Oktoba

Upasuaji umekwenda salama! Nimemshukuru daktari, nimewashukuru wauguzi, nimemshukuru hata mlinzi wa getini, ambaye alipokea mkono wangu bila kujua kosa lake.

Mama kaamka, kaomba maji, halafu kawatangazia wodi nzima kwamba mkwe wake huleta nyota kitandani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakauliza lini. Ningewanyima vipi, watu wamelala na dari zao? Nimewaahidi Jumatano jioni, kwenye runinga ya wodi. Muuguzi mkuu kakubali. Shemeji kakubali. Mke wangu kasema Mungu atulinde, na mimi nimelipokea kama kukubali.

Utabiri unasema Jumatano kutanyesha. Sina wasiwasi. Nimeshatafuta video nzuri, kwa tahadhari tu.

Safari hii nimechagua inayotembea.