Paka Aliyejua Kushoto Tu

Msomi hakuwa amesoma. Jina lilitokana na miwani yake, ambayo nayo haikuwa na vioo. Siku alipomwona paka asiye na mwenyewe akizunguka uani kwa shangazi yake, kichwa kimelala upande, kushoto, kushoto tena, hakuona mgonjwa. Aliona ajira.

"Shangazi, huyu paka ana kipaji."

"Ana kizunguzungu," shangazi alisema. "Kama wewe tu."

Kazi ikaanza chumbani kwa Msomi, humo humo kwa shangazi. Mtu mwenye pesa na tamaa anakuja, hajui anunue duka lipi kati ya mawili. Msomi anaweka picha mbili sakafuni. Ya kushoto siku zote ni ya duka bovu la rafiki yake dalali. "Paka huyu hakosei," anasema kwa sauti ya msibani. "Atakachochagua, usibishe." Paka anageuka kushoto. Watu wazima, wenye vitambi na vyeti, wanafungua pochi. Usinicheke, msomaji, nikikwambia nami nilipanga foleni.

Asubuhi moja paka akajigonga ukutani, akaanguka, akatetemeka mwili mzima. Msomi akamfunga kwenye shati lake la pekee lenye vifungo vyote, akakimbia naye kwa daktari wa mifugo.

"Ni kuvu," daktari alisema vipimo vilipotoka. "Limeingia hadi kwenye ubongo. Pengine alivuta vumbi la mavi ya njiwa. Wewe hatakuambukiza, lakini anahitaji dawa kila siku, kwa miezi. Ni ghali. Asipoipata atakufa."

"Akipona, ataendelea kuzunguka?"

"Azunguke anatafuta nini?"

Msomi akajicheka. "Tapeli gani mimi! Nalipia dawa ya kuua biashara yangu mwenyewe." Lakini paka alikuwa amemshika kidole kwa kucha, na Msomi alimpenda, basi. Akalipa. Akauza redio, akauza kitanda. Kila jioni alimfumbua mdomo, akakwaruzwa, na yeye ndiye aliyeomba radhi.

Kichwa cha paka kikanyooka, mifuko ya Msomi ikakauka. Ndipo akaja tajiri wa vifaa vya ujenzi. Msomi akatandaza picha zake, akitumaini kwamba mazoea yana taabu, hata kwa paka.

Paka akapita katikati ya picha, akapanda mapajani kwa tajiri, akalala.

"Amenichagua mimi!"

"Hapana, bosi, huyo..."

"Si umesema hakosei? Si umesema nisibishe?"

Tajiri akambeba paka hadi garini. Shangazi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alicheka hadi akashika ukuta. Msomi naye akacheka, machozi yakamtoka, kisha akachomoka mbio barabarani, pakiti ya vidonge mkononi.

Tajiri akashusha kioo. "Haya, sema bei yako."

"Kimoja jioni, akishakula," Msomi alisema akihema. "Mshike taya taratibu. Na usiruke hata siku moja."