Kamati ya Maridhiano Hewani

Kwa niaba ya Chama cha Redio ya Ridhaa, kinachohudumia Bukoba, Muleba na anga zote zinazopakana nazo, nina heshima kuutangazia umma kwamba ugomvi umekwisha. Umekwisha kabisa, kwa kufuata taratibu, na bila mtu kupoteza jino. Tangazo hili ninalisoma mimi Mujuni, Katibu wa Kamati ya Maridhiano, kwa kuwa Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Rutaihwa, kwa sasa hawezi kufungua kinywa. Sababu zitafuata kwa mpangilio.

Wapo wasiotujua. Redio ya ridhaa si ile ya kupiga muziki na salamu za harusi. Sisi ni watu wenye kibali cha kukaa na mashine, waya na betri ya gari, tukaongea na mtu wa upande wa pili wa dunia ambaye hatumjui, hatumdai, na hana shida yoyote na sisi. Mke wa Mwenyekiti huuita ugonjwa. Mwenyekiti huuita mahusiano ya kimataifa.

Kila mwaka tunakuwa na Siku ya Redio Uwandani. Tunatoka nje, tunatundika antena, tunaita dunia, dunia inajibu, tunakula. Maandalizi hufanywa na watu wa kujitolea. Hapo ndipo serikali yoyote makini ingekuwa na wasiwasi, maana mtu wa kujitolea huwezi kumkata mshahara.

Mwaka huu hoja ilikuwa mahali pa antena. Sumaiya, fundi simu wa Miembeni, alitaka tuitundike Kahororo, karibu na mji. Avit, mkulima wa kahawa wa Izigo, alitaka tuende kwenye kilima cha mama yake.

"Kahororo nyaya za umeme zimejaa," alisema Avit. "Utasikia mngurumo wa friji za watu tu. Utaongea na friji?"

"Heri friji, ina ubaridi wake," akajibu Sumaiya. "Izigo nitaongea na nani? Mikungu yenu ya ndizi?"

"Mikungu yetu ina adabu kuliko wateja wako."

Wakacheka wote wawili, wakapigana mabega. Kisha Sumaiya akatamka neno lililoitikisa taasisi: "Basi twende tukajaribu kote kuwili. Panaposikika vizuri, hapo hapo."

Mwenyekiti aliweka kikombe cha chai chini.

"Kujaribu?" alisema. "Kabla ya kikao?"

Siku hiyohiyo ikazaliwa Kamati ya Maridhiano. Mwenyekiti wake akawa Mwenyekiti, na Katibu wake nikawa mimi, kwa sababu ya kalamu yangu. Mimi sikusomea ushairi popote. Niliutoa kichwani mwangu mwenyewe, na haujaisha. Nikatunga ubeti wa kubandikwa kwenye mbao za matangazo:

Ugomvi tumeufunga, kwa kufuli la kikao,
Kila aliyetupinga, jina liko kwenye mbao,
Antena tutaipanga, tukimaliza vikao,
Amani ndiyo kanuni, anayebisha ni nani?

Mwenyekiti aliusoma mara mbili, akasema mstari wa mwisho una meno. Akaamuru usomwe kila kikao kinapofunguliwa, watu wakiwa wamesimama.

Kanuni yenyewe ilikuwa moja tu: mwanachama mwenye ugomvi na mwenzake hataigusa redio ya Chama mpaka apatanishwe. Niliiandika mimi. Ni kanuni fupi, safi, haina pa kushika.

Sumaiya na Avit wakawa wa kwanza kusimamishwa. Mpishi wetu aliposema pilau itoshe kwa wote, na mwenzake akasema watu wa Izigo hawashibi bila ndizi, tukawasimamisha nao. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole kwamba haoni ugomvi wowote hapa. Tulimsimamisha kwa kugombana na Kamati juu ya kuwepo kwa ugomvi. Aliyemtetea akamfuata. Hatimaye Chama kizima kilikuwa kwenye maridhiano, isipokuwa Mwenyekiti na mimi. Amani ilikuwa kubwa mno, hata tukawa tunasikiana tukimeza mate.

Ni kweli kwamba kati yetu wawili hakuna aliyewahi kuwasha mashine ile bila kusaidiwa. Lakini uongozi na ufundi ni idara tofauti.

Kisha akaja Ma Edvina, mama yake Avit. Alitoka Izigo na mkungu wa ndizi kichwani, akaingia sebuleni kwa Mwenyekiti, Kahororo, ambako ndiko makao makuu, akautua katikati ya kikao.

"Mwasibota, waitu," alisalimia kwa Kihaya. "Ta Rutaihwa, nimekuja kwa habari ya binti yangu."

Binti yake, Annastella, ni mpishi kwenye meli ya utafiti, huko chini kabisa kwenye bahari ya barafu. Mitambo ya meli inampa nafasi ya kutuma meseji, lakini si ya kupiga simu. Melini yumo mwanaredio kama sisi. Alikuwa amepatana na Avit kwamba Jumamosi ya sherehe, saa kumi jioni, atakuwa hewani, na Annastella atakuwa kando yake. Baada ya hapo meli inaingia zaidi kwenye barafu, na mwanaredio yule anashuka kurudi kwao.

"Meseji zake unazipata, Ma Edvina," alisema Mwenyekiti. "Avit anakusomea."

"Ananisomea. Anaandika kwamba hajambo. Meseji kila siku haijambo! Mimi nilimzaa, Ta Rutaihwa. Nikimsikia akicheka nitajua kama anakula."

"Ombi limepokelewa."

"Kwa hiyo Avit ataiwasha mashine?"

"Avit yuko kwenye ugomvi."

"Na nani?"

"Na mimi, mama," alisema Sumaiya kutoka kwenye benchi la watuhumiwa. "Nasikia hatuelewani."

Avit, aliyekaa naye bega kwa bega wakigawana karanga, akaitikia kwa kichwa. "Vibaya sana."

Ma Edvina aliwatazama. Akafungua pindo la kitenge, akatoa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na ganda lake na kukaushwa. Akachukua tunda moja, akalipasua. Kila mtu wa huku anajua kwamba ndani ya tunda moja hulala punje mbili, na kwamba waliogawana punje hizo hawagombani tena. Akampa Avit moja na Sumaiya moja.

Wakatafuna.

"Haya," alisema Ma Edvina. "Wamepatana. Mashine iko wapi?"

Mwenyekiti alinigeukia. "Katibu, jambo hili lina kifungu?"

"Halina, Mheshimiwa."

"Andika: wajumbe walitafuna."

Nikaandika. Kisha Mwenyekiti akatoa uamuzi ambao hadi leo nauona wa kihistoria. Ili wagombanaji wasivuruge sherehe mbele ya Mgeni Rasmi, kiongozi mzito kutoka makao ya mkoa, wote wapelekwe Izigo kwa Ma Edvina, wakae shambani siku ya Jumamosi wakitafakari umoja. Redio ya Chama ibaki Kahororo, mikononi mwa uongozi.

"Wote?" aliuliza Sumaiya.

"Wote."

"Na mimi nikienda na redio yangu mwenyewe, ile niliyoifufua?"

Mwenyekiti akaniangalia. Nikaisoma kanuni. Ilisema redio ya Chama. Nilijivunia sana usahihi wa lugha yangu.

"Nenda nayo," alisema Mwenyekiti. "Ukatafakari nayo."

Jumamosi ikafika. Kahororo tulikuwa na turubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, na maji ya chupa. Kwa kuwa suala la uelekeo wa antena lilikuwa bado mbele ya Kamati, tuliiacha kwenye boksi lake, waya tukauzungusha kwenye nguzo ya turubai, kwa muda. Mgeni Rasmi aliketi. Nilisoma ubeti wangu. Aliupigia makofi, akauliza wanachama wako wapi.

"Kwenye umoja, Mheshimiwa," alijibu Mwenyekiti.

Akavaa visikizio, cha kulia sikio la kushoto, akashika kipaza sauti na kuita dunia. Mashine ikasema shhhhh.

"Wanasemaje?" aliuliza Mgeni Rasmi.

"Wanatusikiliza kwa heshima."

Akaita tena. Shhhhh. Mahali fulani kwenye waya, friji ya mtu ilinguruma. Jasho la Mwenyekiti lilikuwa limeanza kushuka hadi kwenye tai, ndipo sauti ilipochomoka, safi, karibu, kama mtu aliye mlangoni.

"Kituo kinachoita, hapa ni Izigo. Karibu hewani. Ova."

Mgeni Rasmi alisimama. "Izigo! Hongereni! Nani huyo?"

"Ni Sumaiya. Tumeshaongea na Brazili, Japani, na babu mmoja wa Ufini aliyetuuliza ndizi zinapikwaje. Ta Rutaihwa, uko hapo? Ova."

"Niko," alisema Mwenyekiti kwa sauti ndogo. Akasahau kusema ova, neno la kumpa mwenzako zamu, tukasubiri sote.

"Ta Rutaihwa, wanachama tumekaa, tumetafakari. Tumegundua hatuna ugomvi sisi kwa sisi, hata mmoja. Ugomvi tulionao ni na wewe. Na mwenye ugomvi na mwenzake haigusi redio ya Chama mpaka apatanishwe. Tafadhali weka kipaza sauti mezani. Ova."

Mgeni Rasmi aliuliza, "Hiyo kanuni ipo?"

Nilijikuta nimeshaisoma yote, kwa sauti, kwa madaha. Kazi ya mkono wako huwezi kuificha.

"Nzuri sana," alisema Mgeni Rasmi. "Haina pa kushika. Mwenyekiti, iweke hiyo. Ingieni kwenye gari langu, twende ukapatanishwe."

Tulifika Izigo saa kumi ikikaribia. Antena ilikuwa imetundikwa juu ya migomba, ikishikiliwa na miti ileile wanayoegemezea mikungu mizito. Chama kizima kilikuwa pale. Pilau ipo, ndizi zipo, wapishi wanalishana. Ma Edvina alikuja na kikapu.

"Mwasibota, waitu. Ta Rutaihwa, una ugomvi na watu wangapi?"

"Na wote," akajibu Avit kwa niaba yake.

Basi mila ikafuatwa. Mwanachama mmoja mmoja alipita, tunda likapasuliwa, punje moja kwake, moja kwa Mwenyekiti. Na kutema mbele ya aliyekupa ni kumtukana, na waliompa walikuwa wote mbele yake, wakimkodolea macho. Mashavu yakajaa. Akatafuna kama ng'ombe aliyerithi shamba. Nilijaribu kurudi kwenye gari, Sumaiya akanidaka kola.

"Na wewe, mshairi. Fungua."

Mara upepo ukapiga, mti mmoja ukayumba, mashine ikaanza kukoroma. Mtu wa karibu zaidi na mti alikuwa Mwenyekiti. Aliukumbatia. Mkoromo ukakoma.

"Usiuachie!" alipiga kelele Avit.

Saa kumi. Sauti ya kiume ikaita kwa Kiingereza, Avit akajibu, kisha ikaingia sauti ya kike.

"Mae?"

Ma Edvina alikipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Sumaiya akamwelekeza kidole pa kubonyeza.

"Annastella. Ova."

"Mae! Hujambo? Ova."

"Usinipe za meseji. Cheka. Ova."

"Nicheke nini sasa, mbele za watu? Ova."

"Ta Rutaihwa amekumbatia mti, mashavu yamejaa kahawa, na tai amevaa. Ova."

Kutoka kwenye bahari ya barafu kikatoka kicheko, kirefu, kikapasuka katikati kikaanza upya. Ma Edvina alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Anakula," alitutangazia. Kisha akafuta macho kwa pindo la kitenge, akabonyeza. "Umenenepa. Ova."

Waliongea mpaka mawimbi yakafifia. Mgeni Rasmi, akiwa na sahani ya pili, aliomba neno la shukrani kutoka kwa uongozi. Mwenyekiti alifumbua midomo kidogo, akaona wote waliompa bado wanamtazama, akaifumba.

Sumaiya alisubiri kwa adabu, kisha akauliza, "Anayebisha ni nani?"

Hakubisha mtu. Mgeni Rasmi aliona kwamba Mwenyekiti akinyamaza antena husimama vizuri, akaagiza utaratibu huo uendelee mwakani.

Ninalisoma tangazo hili, nami shavu langu moja limejaa, ili umma ujue kwamba amani ipo. Mwenyekiti anaafiki. Bado anatafuna.