Chumba Chenye Sinki

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema. Chumba cha mwisho kwenye korido kimebaki wazi. Kina madirisha pande mbili na sinki. Sinki! Mimi nafundisha sanaa ndani ya stoo, katikati ya mifagio na mipira iliyopasuka, na maji ya kuoshea brashi nabeba kwa karai. Chumba kile ni changu.

Habari mbaya. Mwalimu wa muziki naye anakitaka. Huyu Bwana Filimbi, mwenye mafuta mengi ya nywele, kamwambia mwalimu mkuu kwamba muziki unahitaji nafasi ya kupumua. Si apumue nje? Mwalimu mkuu kaamua: mkaguzi anakuja Ijumaa, na atakayempendeza ndiye atakayepewa ufunguo.

Jumanne, 4 Machi

Nimewapa darasa la tatu wachore watu wa nyumbani kwao. Matokeo ni msiba. Baba mmoja ana shingo ndefu kuliko miguu. Bibi mmoja ana jicho moja, na mjukuu wake anaapa kwamba lile la pili limelala. Mjomba wa mtu ni wa kijani. Nikauliza kwa nini kijani. Nikajibiwa kwamba rangi ya kahawia nimeificha mimi. Kweli nimeificha, lakini ndiyo sababu?

Ng'ambo ya ukuta filimbi zinapigwa. Inaniuma kuandika, lakini zinapigwa vizuri.

Nimepata wazo. Sitadanganya, nitarekebisha. Kuna tofauti kubwa, nitaikumbuka baadaye ni ipi.

Jumatano, 5 Machi

Mapumziko yote nimejifungia stoo na penseli. Shingo nimeifupisha. Bibi nimemfumbua jicho. Mjomba nimempaka kahawia ya akiba, sasa ana afya. Mkono wangu haujasahau kazi, jamani! Shida ni viganja. Tangu chuoni viganja vinanishinda, vidole vyangu vinatoka kama karoti. Basi wote nimewatia mikono mfukoni au nyuma ya mgongo. Wanaonekana watu wenye heshima zao.

Mmoja tu kanigomea. Ni binti aliyeng'oka meno ya mbele, wenzake wanamwita Kibogoyo, naye anaitika kwa maringo. Kanichora mimi. Pua imekula nusu ya uso, mdomo uko wazi, na mkono ulioshika kifutio una vidole vinane. Nikamwomba kwa upole nimsaidie kidogo. Akaukumbatia mchoro kifuani.

"Huu wangu, Mwalimu," akasema. "Chora wako."

Watoto wa siku hizi! Nimeubandika nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi, mchoro hauonekani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebeba michoro nyumbani mke wangu aione. Kaitazama, kisha kauliza kama hawa wote ni familia moja. Nikamweleza kwamba yeye sanaa haielewi. Akauliza tena mbona wote wanasikia baridi, mikono mfukoni hivyo. Nimelala nimenuna.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Hana maneno mengi. Kwa Bwana Filimbi alitikisa kichwa kufuata mdundo, roho yangu ikazama. Kwangu akapita mbele ya michoro, akarudi, akapita tena. Kisha akawauliza watoto: watu hawa wote wameficha nini?

Kibogoyo akajibu, kwa nia njema kabisa: "Mwalimu hajui kuchora viganja."

Hapo wenzake wakafunguka bila kuulizwa. Mjukuu wa bibi akadai lile jicho lirudishwe likalale. Mwenye mjomba wa kijani akaanza kulia, akisema huyu ni mwanamume mwingine. Hilo lilinichoma, sifichi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu mkuu, kwa aibu, akaufunga mlango Bwana Filimbi asisikie.

Na mimi hapo nyuma yake, nimebandikwa na vidole vyangu vinane.

Mkaguzi akautazama mchoro, akanitazama mimi, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Huyu mtoto ana macho," akamwambia mwalimu mkuu. "Wapeni chumba." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu, penseli yako itie mfukoni."

Jumatatu, 10 Machi

Nina ufunguo. Nina sinki! Nimefungulia bomba bure tu, nisikie maji. Bwana Filimbi hanisalimii, raha tupu.

Nimemwahidi mwalimu mkuu kwamba sitagusa tena mchoro wa mtoto. Nimeahidi kwa moyo mmoja. Ule wa Kibogoyo nimeutundika juu ya sinki, yeye mwenyewe akisimamia kazi na kunikosoa.

Watoto wamekwenda nyumbani. Nimekaa nautazama. Mzuri, kwa kweli mzuri. Ni ile pua tu. Nimeipunguza kidogo. Vikabaki vidole vinane, na chumba hiki kitaingia wageni.

Mkono nimeutia mfukoni, na kifutio chake.