Koseti ya Mifupa ya Mwavuli

Jumanne, 10 Juni
Riziki imebisha hodi dukani kwangu Levolosi! Naipanoi wa Moshono anataka gauni lenye koseti la kuvaa kwenye sendofu, sherehe ya kuagwa kwao. Jumamosi hii! Anataka kiuno cha nyigu, maana wakwe wanatoka Machame na hataki wamwone wa hivihivi. Nikamwambia kwa fundi Manase amefika. Sijawahi kushona koseti maishani. Hilo halimhusu.

Jumatano, 11 Juni
Koseti bila mifupa ni blauzi tu. Mifupa ni vile vyuma vyembamba vinavyoshonewa ndani ili nguo ibane na kusimama. Madukani nimekosa. Nimevunja miavuli miwili, wangu na wa mke wangu. Chuma safi kabisa! Theresia, fundi wa mlango wa pili, kachungulia bila kualikwa. Ati mfupa uishie kiunoni, na mteja apimwe akiwa amekaa. Nani huvaa gauni zuri ili akae? Wivu huo. Mifupa yangu nimeishusha mpaka kwenye nyonga.

Ijumaa, 13 Juni
Naipanoi kaja kujaribu gauni. Nimevuta kamba za mgongoni mpaka jasho likanitoka. Kajiona kwenye kioo, machozi ya furaha! Kalalamika kwamba pumzi haiingii yote. Nimemshauri avute nusu, inatosha. Leo nimejipenda.

Jumamosi, 14 Juni
Balaa! Ukumbini Moshono, mshereheshaji kamwomba bibi harusi aketi. Hakuketi. Kaomba tena. Hakuketi! Chuma kimekataa kupinda. Kupiga magoti awalishe wakwe keki ndiyo usiseme. Meza ya Machame ikaanza kunong'ona kwamba binti ana kiburi, na kwamba bora wamemjua mapema. Mama mkwe akasukuma sahani pembeni. Naipanoi akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya spika. Niliona aibu, kweli kabisa.

Ndipo shangazi yake, Namnyaki, akanyakua kipaza sauti. Akatangaza kwamba kwao binti mwenye adabu haketi mbele ya wakwe mpaka wambariki. Mimi ni mzaliwa wa Moshono na desturi hiyo sijawahi kuisikia. Lakini Machame wakapiga makofi! Bibi yake bwana harusi akainuka na fimbo yake, akaifuata keki mwenyewe, akalishwa amesimama. Akambariki mjukuu mkwe huku analia. Nami nikalia.

Halafu wakamwambia Naipanoi, haya, sasa aketi.

Theresia, naye mwalikwa, akampitia nyuma na khanga kana kwamba anamfunika mabega. Nikasikia mkasi. Kamba zote chini! Naipanoi akavuta pumzi moja ndefu, akaketi, akala sahani mbili za ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa. Mama mkwe ndiye aliyempakulia.

Jumatatu, 16 Juni
Mji unalizungumzia gauni la adabu! Wateja watatu asubuhi moja. Mmoja kaniletea na mwavuli wake kabisa. Theresia kaniuliza kama nimejifunza kitu. Nimemjibu kwamba anakaribishwa kujifunza kwangu, bure. Kaondoka anatikisa kichwa.

Mchana kaja Lerionka, dereva wa lori la Namanga. Kitambi kimeanza kugusa usukani, anataka koseti ya kukirudisha. Hukaa kwenye lori tangu alfajiri mpaka jioni. Kazi ndogo! Ila kwa kitambi kile chuma cha mwavuli hakitoshi. Nimeagiza nondo.