Rufaa ya Mpiga Ngoma Kubwa Aliyeondolewa Jeshini kwa Kosa la Kupona

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Rufaa za Wanajeshi,
Makao Makuu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA KUONDOLEWA JESHINI KWA KUTOSEMA KWAMBA NILIWAHI KUUGUA AKILI

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, ambacho sikijui sawasawa ila naamini ni kikubwa, naomba nijitambulishe. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi ya kikosi, yule anayetembea nyuma ya tarumbeta bila kuonekana kitu isipokuwa kofia na miguu. Kambini walinibandika jina la Kishindo. Nimeandikiwa kwamba mimi si mwanajeshi tena kwa kuwa "nilificha historia ya maradhi ya akili", na kwamba nina haki ya kukata rufaa. Naitumia haki hiyo nikiwa mezani kwa shangazi yangu, nimeoga, nimekunywa chai, nimetulia. Naomba utulivu huu uingizwe kwenye kumbukumbu, maana nasikia ndio unaobishaniwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Swali lenyewe.

Siku ya kuandikishwa tulikuwa wengi, jua lilikuwa kali na karani wa usaili alikuwa na njaa. Hilo la njaa alilisema mwenyewe. Akaamua kutusomea maswali ya afya kwa sauti ili twende haraka. Mimi aliniuliza kwa pumzi moja: "Kifafa pumu wazimu bawasiri?" Nikajibu, "Hapana, afande." Akaandika, akaita mwingine. Nauliza kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, ile hapana yangu moja iligawanywa vipi kwa maradhi yote hayo? Kwa upande wa bawasiri naisimamia mpaka leo.

Kuhusu wazimu, neno hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Mama yangu alipofariki niliacha kulala, kisha nikaacha kula, mwisho nikaacha kuinuka kitandani. Sikuwa na hasira na mtu wala sikuona vitu visivyokuwepo. Nilikuwa nautazama ukuta tu, na ukuta ulinitosha. Shangazi, ambaye ni dada mkubwa wa baba na si mtu wa kubembeleza, alinivalisha viatu yeye mwenyewe, akanipakia kwenye teksi, akanipeleka hospitali. Nililazwa wodi ya nyuma, ile ambayo madirisha yake yanatazama kamba za kuanikia mashuka. Daktari aliiita hali ile sonona. Shangazi aliiita uchovu. Majirani aliwaambia nimekwenda kozi ya umeme, na aliwaambia kwa uhakika kiasi kwamba niliporudi niliwakuta mlangoni na pasi zao mbovu. Ilinibidi nijifunze kuzitengeneza ili kulinda heshima ya nyumba. Kwa hiyo katika mtaa mzima historia niliyonayo mimi ni ya umeme.

Karani angeniuliza, "Umewahi kuelemewa na msiba mpaka ukashindwa kufunga kamba za viatu?" ningemjibu ndiyo, na ningemwelekeza hata kitanda nilicholalia. Hakuuliza. Aliuliza habari za bawasiri.

2. Namna jambo lilivyojulikana.

Siku ya chanjo kikosi kilipangwa uwanjani na bendi ikaamriwa kupiga ili watu wasisikie sindano. Miongoni mwa wauguzi waliotoka mjini alikuwemo mama mmoja mfupi, mnene, mwenye mikono mipana, ambaye ndiye aliyeniuguza kule wodini. Aliponiona nyuma ya ngoma alimkabidhi trei ya sindano Meja, ambaye ndiye Mkuu wa Kambi, akaja mbio akanikumbatia, mimi na ngoma pamoja.

"Mwanangu, ni wewe? Wewe niliyekuwa nakulisha uji kwa kijiko, leo unabeba dude hili?"

Alikuwa analia na kucheka. Na mimi, Mheshimiwa, machozi yalinitoka nikiwa mkakamavu, kama sheria ya gwaride inavyotaka. Meja, trei bado mkononi, akauliza uji huo ulikuwa wa nini. Muuguzi akamweleza kila kitu kwa fahari kubwa, kwa sauti ya mtu aliyezoea wodi yenye kelele. Alieleza nilivyofika nimekonda, nilivyoanza kusema neno mojamoja, na asubuhi niliyomwomba sukari zaidi, ambayo kwake ilikuwa siku ya sherehe. Kikosi kizima kilisikia. Bendi nayo ilikuwa imenyamaza ili isikilize vizuri.

Muuguzi simlaumu hata kidogo. Ninacholalamikia ni kwamba hakupewa hata kiti. Gari la kikosi likiharibika hupelekwa gereji, na likitoka hupigwa rangi, likarudishwa kazini, na fundi akashukuriwa. Mimi nilitoka gereji nikiwa nawaka vizuri, na siku fundi wangu aliponitambua ndiyo siku niliyohesabiwa kuwa chuma chakavu. Muuguzi aliposikia yaliyonipata alikuja kwa Shangazi akaomba radhi mpaka tukaanza kumbembeleza yeye.

3. Kipimo cha akili timamu kinachotumika kambini.

Naomba kufafanuliwa kipimo hiki, kwa sababu nimeishi nacho na sijakielewa. Sajini wetu, ambaye tulimwita Radi, huzigombeza buti zake kabla ya kuzivaa, moja baada ya nyingine, na ya kushoto ndiyo inayopata zaidi. Kapteni wa stoo hagawi mablanketi mapya kwa sababu yakitumika yatachakaa. Mwaka wa baridi kali tulilala tukitetemeka huku tumeyazunguka kwa ulinzi. Siku moja tuliamriwa kuyapaka chokaa mawe yote ya barabarani kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakuja, tukaamriwa kuyasugua yarudi rangi yake, asije mgeni mwingine akadhani yalipakwa kwa ajili ya mwenzake.

Kazi hizo nilizifanya zote bila kuuliza swali. Wakati ule hakuna aliyetilia shaka akili yangu. Ningekuwa mimi ni Bodi, Mheshimiwa, hapo ndipo ningeanza kunishuku.

4. Habari za Twiga.

Hili naliandika bila mzaha. Katika bweni letu alikuwemo kuruta mmoja mrefu kupita kitanda chake, tukamwita Twiga. Alikuwa mcheshi, mwimbaji, mwepesi wa kuiga sauti za maafande. Kisha akaanza kunyamaza. Chakula anakigeuzageuza, nguo hafui, akirudi kutoka mazoezini anakaa juu ya sanduku lake anaitazama sakafu. Wenzetu walisema anajidai. Sajini Radi alikuja akasimama mbele yake akamwambia, "Kuruta, changamka. Hiyo ni amri." Twiga akajibu, "Ndiyo, afande," na hakuchangamka. Sajini aliondoka amefadhaika, kwa kuwa katika utumishi wake wote hakuwahi kuona amri nzuri namna ile ikikataa kutekelezwa.

Mimi ukimya ule niliujua. Nilikaa naye juu ya sanduku. Sikumwambia ajikaze, kwa sababu niliwahi kuambiwa hivyo na ninajua neno hilo linavyokwaruza. Nilimwambia tufunge buti ya kulia tu, ya kushoto tutaona. Tulipofunga ya kulia nikamwambia twende mpaka mlangoni. Kwa mwendo huo huo tulifika kwa daktari wa kambi, Twiga akasema mwenyewe yanayomsibu, akasikilizwa, akapewa mapumziko na mtu wa kuzungumza naye. Leo ni mzima na amerudi kuiga sauti, ingawa yangu naona anaipatia vibaya.

Sajini aliniuliza ujuzi ule niliupata wapi. Nikamjibu, "Nyumbani, afande." Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, na tangu siku ile hakunifokea tena, jambo lililonitia wasiwasi mwingi. Ninachouliza ni hiki: kama wale wote waliowahi kupita njia hiyo wataondolewa, atakapoanguka mwingine nani atajua kwamba ya kuanzia ni buti ya kulia?

5. Madhara kwa bendi.

Nilipoondolewa, ngoma yangu alipewa Twiga mwenyewe, kwa hoja kwamba ana mikono mirefu. Ananipenda kama ndugu na ndiyo maana nasema kwa masikitiko kwamba kijana yule hana mapigo. Hupiga pale anapojisikia. Nimesimuliwa na mpiga filimbi kwamba kwenye gwaride la kumpokea afisa kutoka makao makuu, nusu ya kikosi iligeuka kushoto na nusu ikaendelea mbele kwa ari, na tarumbeta zikaingia kwenye hema la wageni zikiwa bado zinapiga. Afisa alipiga saluti akiwa chini ya meza. Nchi inayolindwa kwa mtindo huu, Mheshimiwa, naihurumia.

6. Haki iwe kwa wote.

Ikiwa baada ya haya yote Bodi bado inaona kanuni ifuatwe, basi naomba ifuatwe sawasawa na isiishie kwangu. Kikosi kizima kiitwe uwanjani. Kila aliyewahi kulia bafuni amefungulia maji ili asisikike apige hatua moja mbele. Kila anayejisemesha akiwa lindoni apige hatua moja mbele. Kila aliyekosa usingizi kwa sababu ya barua kutoka nyumbani, kila anayeogopa giza, kila anayebusu picha kabla ya kulala, hatua moja mbele. Sajini na buti zake watangulie. Kisha wote waondolewe kama mimi, kwa heshima na cheti.

Kwa hesabu yangu atakayebaki ni mbuzi wa kikosi, yule anayetembea mbele ya bendi na shali yake. Napendekeza akabidhiwe uongozi wa kambi. Hata yeye sina uhakika naye, kwa kuwa hukaa peke yake nyuma ya jiko na haelezi kinachomsumbua, lakini angalau hakuwahi kuulizwa.

Baada ya kambi kumalizika, zoezi liendelee makao makuu, na lifike kwenye Bodi yenyewe. Wajumbe waulizwe kwa pumzi moja kama nilivyoulizwa mimi, na wajibu neno moja.

Kwa hiyo naomba nirudishwe kazini mara moja, nirudishiwe ngoma yangu pamoja na ule mkanda wake wa ngozi niliouzoea, na muuguzi aitwe kambini apewe kiti, soda na barua ya pongezi yenye mhuri. Jeshi linanihitaji, nami nalihitaji. Mahali pengine pa kunifaa hapa duniani sipaoni.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, madereva wao na anayewaletea chai. Ukipita kambini nisalimie Meja, na mwambie sina kinyongo, trei aliishika vizuri. Msalimie Sajini Radi, mpishi mkuu ambaye wali wake ulitufundisha uvumilivu, na bweni letu zima. Shangazi anakusalimu pia na anasema kama mnahitaji mtu wa kuwanyoosha hao maafande yeye yupo, na hana historia yoyote.

Natanguliza shukrani, nikiwa wima, mkono kwenye paji la uso.

Mtiifu wako,
Kishindo
(aliyekuwa, na anayetarajia kuwa tena, Mpiga Ngoma Kubwa)

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua tena. Naomba rufaa hii ikataliwe.

Mambo yamebadilika wakati naiandika. Askari wameanza kuja hapa kwetu siku zao za mapumziko, wamevaa kiraia, mmojammoja, na kila mmoja anasema alikuwa anapita tu. Mtaa wetu hauna pa kupitia, Mheshimiwa, unaishia kwenye ukuta wa kiwanda. Wanakaa barazani, wanaomba chai, wanasifia hali ya hewa, wanaitazama sakafu, kisha wanaanza kusema. Wengine nimewapeleka mwenyewe kwa muuguzi, tumekwenda kwa miguu taratibu. Sajini naye amepita. Shangazi ameongeza benchi na ameacha kuwaambia majirani habari za kozi. Akiulizwa, anasema, "Wamechoka, wanapumzika," na majirani wawili wamekuja nao wakakaa. Nikirudi kambini, nani atathubutu kuonekana ameketi na mimi? Hapa wanathubutu. Kwa hiyo niacheni nje, mahali pa kunifaa nimepaona.

Jumapili alipita mzee mmoja mwenye mwendo wa cheo kikubwa. Alikaa mpaka chai ikapoa, akasema mezani kwake kuna rufaa nyingi na usingizi umemkimbia tangu afiwe na mkewe. Tulizungumza vizuri sana. Alipoondoka alisahau miwani yake dirishani. Jina sikumwuliza, wala simtaji kwa mtu. Ila kama unaisoma barua hii umeisogeza mbali na uso, Mheshimiwa Mwenyekiti, miwani iko salama na Shangazi ameifuta. Pita tu.