Nafasi Arobaini za Dharura

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba Idara yetu ya Barua imekataa rasmi kutumia chaguo-msingi, yaani mipangilio ambayo mashine huja nayo. Mimi, Katibu wa Kamati ya Machaguo, nilikuwepo tangu mwanzo, na ninaeleza ili wazushi wakose la kusema.

Siku ile ililetwa diski mpya ya kuhifadhia barua zote za Idara. Fundi wetu wa kompyuta, dada mmoja anayechomeka bisibisi nyuma ya sikio, alikaa kwenye mashine ya Linux kuiandaa.

"Bosi, hapa inauliza mipangilio tu. Ile iliyokuja nayo inatosha na ni salama. Nabonyeza enta, tunakwenda zetu kunywa chai."

Mkurugenzi alishtuka kama aliyetukaniwa mama. "Mipangilio hiyo anapewa nani?"

"Kila mtu."

"Kila mtu! Mpaka muuza vocha?"

"Hata yeye, akiwa na diski."

"Sasa binti, mimi ni kila mtu?"

Hoja ilikuwa nzito. Kukubali ulichokikuta ni kukiri kwamba hukufanya kazi. Kamati iliundwa chai haijapoa, ikakaa vikao kumi na vitatu.

Kikao cha mwisho kilijadili nafasi za mafaili. Fundi alieleza kwamba kila faili, liwe nene au jembamba, linakula nafasi moja. Na idadi ya nafasi hupangwa siku ya kwanza, haiongezeki tena mpaka diski ifutwe yote.

"Chaguo-msingi linatoa mamilioni," alisema. "Liacheni."

"Mamilioni ya nini?" akauliza Mkurugenzi. "Tuna barua elfu sita na mia mbili. Weka hizo, ongeza arobaini za dharura. Nafasi tupu inaita uvivu."

"Zikijaa, bosi, hata diski iwe nyeupe kama uwanja, hakiingii kitu."

"Zitajaaje wakati nimeshapanga mimi?"

Tulipiga makofi. Akasaini. Kwa kalamu hiyohiyo akapitisha kanuni mbili: barua isiyomo kwenye diski si barua, na faili halifutwi bila barua ya kibali.

Ieleweke kwamba Mkurugenzi alikuwa amebakiza wiki mbili astaafu. Barua ya kumwongezea miaka mitatu ilikuwa njiani kutoka juu. Alishaagiza kiti kipya, kile kinachozunguka.

Barua za zamani ziliingia zote. Zikafuata za vikao vyetu kumi na vitatu, kila kikao na muhtasari wake, mahudhurio yake na shukrani zake kwa Mwenyekiti. Thelathini na tisa. Ya arobaini ikawa hotuba ya Mkurugenzi ya kuipongeza Kamati kwa kubana nafasi.

Ijumaa, siku yake ya mwisho, barua ikafika. Mkurugenzi aliileta mwenyewe, kaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Ingiza."

Mashine ikakataa. "Imejaa, bosi," alisema Fundi.

"Imejaa wapi? Si naona hapo haijafika hata robo!"

"Pa kulala papo, diski ni kubwa. Nafasi za mafaili ndizo zimekwisha."

"Futa hotuba yangu."

"Naomba barua ya kibali."

Akaandika palepale, akagonga muhuri, akampa. Fundi aliisoma yote, mpaka tarehe.

"Imeandikwa vizuri. Ila haimo kwenye diski, bosi. Kwa hiyo si barua."

"Basi futa diski nzima! Bonyeza hiyo enta yako!"

"Hiyo ni kazi ya Kamati, kwa kikao chenye muhtasari." Akanigeukia. "Katibu, huo muhtasari utauweka wapi?"

Nilijibu kwamba suala hilo ni nyeti na linahitaji kikao.

Saa kumi na nusu Mkurugenzi alistaafu. Kustaafu hakuhitaji barua, umri unatosha. Alipoinuka, kiti kilizunguka mara mbili peke yake, kikatulia.

Sasa Idara haina mkuu. Kwa kuwa hakuna barua inayoingia, Fundi anawajibu wananchi kwa mdomo dirishani, na foleni inakwisha kabla ya saa tano. Hali hii haiwezi kuvumiliwa. Kwa bahati nzuri, jana ilifika barua ya kuniteua mimi kukaimu. Fundi aliipokea kwa adabu zote, akaiweka juu ya ile ya Mkurugenzi, akaikandamiza kwa kikombe chake cha chai isipeperuke.